Dekoda ya sauti kwa kichwa cha treni ya mfano: ipi ununue ukiwa Tanga

Dekoda ya sauti ni kibao kidogo cha umeme kinachokaa ndani ya kichwa cha treni ya mfano, hupokea amri, huendesha mota na kutoa milio. Mtu akiniuliza ipi ni nzuri, namuuliza kwanza: ya kichwa gani? Watengenezaji hurekodi mashine za Ujerumani, Uingereza na Marekani kwa sababu huko ndiko waliko wateja wao. Reli yetu, iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911, ina upana wa mita moja, na vichwa vyake havimo kwenye katalogi zao. Kwa hiyo dekoda inayotufaa ni ile inayokubali kufutwa na kupakiwa sauti nyingine kila utakapo. Hicho ndicho kigezo kilichopanga mwongozo huu. Bei imekuja baadaye.

Ninazungumzia mfumo wa DCC, ambamo umeme na amri hupita pamoja kwenye reli na kila kichwa kina namba yake. Kama bado unaendesha kwa transfoma ya kuzungusha kitufe, anza na kituo cha kuongozea, yaani kifaa kinachotuma amri hizo kwenye reli. DCC-EX, programu huria inayokaa kwenye Arduino Mega, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, yenye kibao cha kuendesha mota, ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua.

Ya kwanza: ESU LokSound 5

Hii naiweka juu bila kusita. Hutoa hadi sauti 10 kwa mpigo mmoja kwa ubora wa biti 16, kwa hiyo injini, honi, breki na feni husikika pamoja na hakuna inayokata nyingine. Toleo la kawaida hubeba mota ya hadi ampea 1.5. Toleo la micro hubeba 0.75, nalo ndilo huingia kwenye vichwa vyembamba. Sisi tunaojenga kwa kipimo cha 1:87 tunaijua shida hiyo: mita moja inakuwa milimita 11.5, tunatumia reli za milimita 12, na ndani ya kichwa nafasi ni ndogo.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye maktaba. ESU huweka faili za sauti kwenye tovuti yao, unapakua bure. Chukua vichwa vya daraja la 88, vilivyotoka kiwanda cha MLW cha Kanada enzi za East African Railways. Ndani yake mna dizeli ya Alco 251 yenye silinda 12, na mlio wa Alco 251 umo kwenye maktaba hiyo kwa sababu injini hiyo ilienea Marekani nzima. Unapakia mngurumo huo, kisha honi unaibadilisha na uliyoirekodi mwenyewe kando ya reli Muheza au Korogwe. Hapo kichwa kinaanza kusema lugha ya hapa.

Kasoro yake ni kwamba kazi hiyo inahitaji kifaa cha LokProgrammer na kompyuta ya Windows, na kifaa hicho peke yake kinaweza kukugharimu zaidi ya dekoda. Wawili au watatu mkichanga mnakitumia kwa zamu. Ukiwa peke yako, mwombe muuzaji akupakie faili kabla hajatuma; wengi hufanya hivyo.

Ya pili: ZIMO MS450

Kwa uendeshaji wa mota, hasa mwendo wa polepole wa kuingia stesheni, ZIMO haina mpinzani machoni pangu. Nayo pia hupakiwa sauti upya, kwa kifaa chake chenyewe. Nimeiweka ya pili kwa sababu maktaba yake imeelemea vichwa vya Ulaya, na baadhi ya sauti zinalipiwa kando. Kama meza yako ni ya Uswisi au Uingereza, ipandishe juu.

Ya tatu: SoundTraxx Tsunami2

Hii huja na sauti zote zikiwa ndani, unachagua honi na injini kwa kubadilisha CV, yaani namba ambamo dekoda huhifadhi mipangilio yake. Huhitaji kompyuta. Lipo toleo la Alco na lipo la mvuke. Mpenzi wa Garratt, vile vichwa vikubwa vya mvuke vya East African Railways, aliangalie hili la mvuke: Garratt ina jozi mbili za mitambo ya magurudumu, mapigo yake ya moshi hukutana na kuachana safarini, na Tsunami2 huweza kuiga jambo hilo. Kilichoiangusha ni kwamba huwezi kuingiza honi yako mwenyewe. TSU-1100 hubeba ampea 1 na TSU-2200 hubeba 2. Mdogo wake, Econami, una sauti chache kwa bei ya chini, na kwa kichwa cha kupangia mabehewa yadi unatosha kabisa.

Hizo tatu kubwa huwa karibu dola 100 hadi 130 kabla ya usafiri na ushuru. Kama fedha hazifiki, programu ya bure ya JMRI hutoa sauti kupitia spika za kompyuta. Sauti haitoki kwenye kichwa chenyewe, lakini mtoto anayeanza hufurahi sana.

Dekoda zisizo na jina la mtengenezaji, ziache. Na hata yenye jina, ikifika soma CV 8, inayotaja mtengenezaji, kwenye reli ya kupangia, yaani kipande cha reli cha kusomea na kubadilisha mipangilio ya dekoda: ESU hujibu 151, SoundTraxx 141, ZIMO 145. Ikijibu namba nyingine, usiifunge. Wasiliana na muuzaji.

Spika

Hapa ndipo sauti inapopatikana au kupotea. Dekoda ya dola 120 kwenye spika isiyo na kasha hulia kama nyuki ndani ya kopo. Sababu ni kwamba mawimbi ya nyuma ya spika hukutana na ya mbele na kuyafuta, kwa hiyo lazima spika ikae kwenye kasha lililozibwa kila upande, hata tundu la sindano lisibaki.

Spika nzuri za kazi hii ziko kwa mafundi simu wa Ngamiani. Spika za iPhone zilizotolewa kwenye simu mbovu zina kasha lake tayari, ni nyembamba, na besi yake inashangaza kwa umbo lile. Mwombe fundi aipime kwa multimita mbele yako: ya omu 8 husoma kama 7 hivi. LokSound 5 hukubali kuanzia omu 4. Tsunami2 mpe 8. Ukiunga mbili za omu 8 sambamba zinakuwa 4, kwa hiyo usifanye hivyo kwenye Tsunami2.

Kufunga

Pima kwanza mota inakula ampea ngapi ikizuiwa. Mpe volti 12, weka multimita kwenye mstari, shika ekseli kwa sekunde moja, usome. Ikizidi uwezo wa dekoda, badilisha mota au ununue dekoda kubwa.

Pili, hakikisha mota haigusi fremu. Vichwa vya zamani huwa na brashi moja iliyoshikana na chuma, na hapo dekoda huungua mara tu unapowasha. Multimita isome wazi, yaani ionyeshe hakuna mguso, kati ya fremu na pande zote mbili za mota.

Kisha nyaya: nyekundu reli ya kulia, nyeusi ya kushoto, chungwa na kijivu kwenye mota, nyeupe taa ya mbele, njano ya nyuma, buluu ni chanya ya pamoja ya taa. Kila kiungo ulicholehemu kivishe mpira wa kusinyaa.

Hewa ya bahari hapa huchafua reli haraka, na uchafu kidogo tu hukata sauti na kuianzisha upya. Ongeza kapasita ya akiba ya mtengenezaji yuleyule, kama PowerPack ya ESU au CurrentKeeper ya SoundTraxx, na futa reli kwa spiriti kabla ya kuendesha.

Mwisho punguza sauti. Zinavyotoka kiwandani zote ni kali mno kwa sebule. Kwenye LokSound ni CV 63, Tsunami2 ni CV 128, ZIMO ni CV 266. Anza na nusu, kisha shusha hadi uweze kuzungumza na aliyesimama upande wa pili wa meza bila kupaza sauti.