Mkesha wa Oscar Msasani: huduma ya kusifiwa, jedwali la kusahihishwa

Kuanzia Januari 11 hadi alfajiri ya Machi 3, 2025, nilihudhuria vikao vya ubashiri wa tuzo za filamu za Oscar vinavyoandaliwa na mgahawa mmoja mdogo wa Msasani, Dar es Salaam. Ada yao ni shilingi 60,000 kwa msimu mzima, na kwa fedha hiyo mtu hupata vikao vitatu vya Jumamosi jioni, kijitabu cha ubashiri, kahawa, na nafasi ya kukesha mbele ya skrini siku tuzo zinapotolewa. Hakuna dau linalowekwa, ingawa vijana wa meza yangu waliiita karatasi ya ubashiri “mkeka” tangu siku ya kwanza. Mshindi hupewa chakula cha jioni cha watu wawili. Nimeridhika na huduma hii kwa kiasi kikubwa, lakini kijitabu chenyewe kina kasoro ambayo mtu anayekusudia kujiunga msimu ujao anastahili kuifahamu.

Kasoro hiyo imo katika jedwali la ukurasa wa tatu. Kila tuzo inayotangulia Oscar imepewa alama moja: Golden Globe moja, Critics Choice (tuzo ya wakosoaji wa filamu) moja, BAFTA (tuzo ya filamu ya Uingereza) moja, na tuzo za vyama vya waigizaji, watayarishaji na waongozaji wa Marekani vilevile moja moja. Mshiriki hujumlisha alama na kumtaja mwenye nyingi kuwa mshindi. Hesabu ni nyepesi na inavutia macho, ila inalisahau swali la msingi, ambalo mama mmoja wa makamo aliyeketi karibu na dirisha aliliuliza katika kikao cha kwanza: “Mwanangu, hao wanaotoa Golden Globe wana kura huko kwenye Oscar?” Kijana aliyekuwa akituongoza alijibu kwa uaminifu, “Hapana, mama, hawana. Wao ni waandishi wa habari.” Kisha akaendelea na jedwali kama lilivyochapishwa.

Jibu hilo lilipaswa kubadilisha kijitabu kizima. Oscar hupigiwa kura na wanachama wa Akademi, taasisi ya Marekani inayotoa tuzo hiyo, ambao ni zaidi ya 10,000 na wote ni watu wa fani: waigizaji, waongozaji, waandishi wa miswada, wahariri, mafundi wa sauti na wengineo. Mwongozaji aliye katika Akademi kwa kawaida yumo pia katika chama cha waongozaji, na mtayarishaji hali kadhalika, kwa hiyo tuzo ya chama hutupa sauti za baadhi ya watu walewale watakaoamua baadaye. Golden Globe hutupa maoni ya watu wengine kabisa, hata kama maoni hayo ni mazuri.

Msimu huu ulilithibitisha jambo hili mbele ya macho yetu. Tulipokutana Januari 11, Golden Globe zilikuwa zimetolewa siku sita kabla, na filamu ya Anora ilikuwa haijapata hata moja. The Brutalist ilikuwa imechukua tuzo ya filamu bora ya drama na Emilia Pérez ile ya vichekesho au muziki, hivyo jedwali likaziweka filamu hizo mbili juu, na nusu ya chumba wakaandika The Brutalist kwa wino. Tuzo za Critics Choice, zilizokuwa zimeahirishwa kwa sababu ya moto mkubwa wa Los Angeles, zilitolewa Februari 7 na Anora ikawa filamu bora. Siku iliyofuata, katika usiku mmoja, ilishinda tuzo ya chama cha watayarishaji na ile ya chama cha waongozaji. Kwa mtu anayejua nani anapiga kura, kipengele cha filamu bora kilikuwa kimepata jibu lake usiku huo, wiki tatu kabla ya Oscar.

Takwimu zinauunga mkono mtazamo huu. Katika sherehe 25 za Oscar, kuanzia 2001 hadi 2025, mshindi wa chama cha waongozaji amekosa Oscar ya uongozaji mara nne tu, na moja kati ya hizo nne, ile ya 2013, mshindi huyo, Ben Affleck, hakuwa hata ameteuliwa kuwania Oscar hiyo. Chama cha watayarishaji nacho, tangu sherehe ya 2010 hadi ya 2025, kimetofautiana na Akademi kuhusu filamu bora mara tatu tu katika miaka 16: 2016, 2017 na 2020. Mwaka 2014 kilitoa tuzo kwa filamu mbili zilizofungana, na moja kati yake ndiyo iliyoshinda Oscar.

Ulinganifu huo wa watayarishaji una sababu nyingine, na hapa ndipo mgahawa ulipofanya kazi bora kuliko yote. Katika kikao cha Januari 25 tuligawiwa karatasi zenye vyakula vinne tuvipange kuanzia tunachokipenda zaidi. Tulikuwa watu 30. Biriani ilipata kura 11 za kwanza, pilau 9, wali wa nazi na samaki 6, chipsi mayai 4. Kwa kuwa hakuna chakula kilichovuka nusu, chipsi mayai ikaondolewa na karatasi zake nne zikahamia kwenye chaguo la pili: tatu kwa pilau, moja kwa biriani. Vyakula hivyo viwili vikalingana kwa 12. Wali wa samaki ulipoondolewa, karatasi tano kati ya sita zikaenda kwa pilau, nayo ikashinda kwa 17 dhidi ya 13. Hivyo ndivyo Akademi inavyochagua filamu bora, na ni katika kipengele hicho tu. Vipengele vingine vyote mwenye kura nyingi huchukua. Chama cha watayarishaji kinatumia utaratibu huohuo wa kupanga kwa daraja, kwa hiyo vyote viwili huipendelea filamu isiyochukiza wengi. Sijawahi kuona mtu akilieleza jambo hili kwa uwazi namna ile, na mpishi mwenyewe alitoka jikoni kuja kusikiliza.

Kwa upande wa mwigizaji bora wa kike lazima niseme kwamba hata jedwali lililosahihishwa lisingetuokoa mwaka huu. Demi Moore alikuwa na Golden Globe, Critics Choice na tuzo ya chama cha waigizaji. Mikey Madison wa Anora, kati ya tuzo za jedwali, alikuwa na BAFTA pekee. Karibu chumba chote, nami nikiwemo, tulimwandika Moore, na Madison ndiye aliyeshinda. Chama cha waigizaji kina wapiga kura zaidi ya 100,000, ilhali waigizaji walio ndani ya Akademi hawafiki 2,000, kwa hiyo kinachopendwa na umati ule si lazima kipendwe na wachache hawa. Pia kuna suala la tarehe, ambalo kijitabu hakiligusi: upigaji kura wa Oscar ulifungwa Februari 18, BAFTA zilitolewa Februari 16, na tuzo za waigizaji Februari 23. BAFTA iliwafikia wapiga kura wakiwa bado na karatasi mkononi. Tuzo ya waigizaji ilikuja kura zikiwa zimekwisha kufungwa.

Hata hivyo, BAFTA nayo haistahili kufanywa msahafu. Mama yule wa dirishani alitukumbusha mwaka 2014, na uso wake ulijaa furaha alipokuwa akisimulia: katika kipengele cha mwigizaji msaidizi wa kike, Jennifer Lawrence alichukua Golden Globe na BAFTA, Lupita Nyong'o akachukua Critics Choice na tuzo ya chama cha waigizaji, na Oscar ikaenda kwa Lupita. Mfano unaotugusa kwa karibu kiasi hicho, sisi wa Afrika Mashariki, unapaswa kuwemo katika kijitabu.

Mkesha wenyewe ulianza saa tisa usiku, ndani ya mwezi wa Ramadhani, na waandaaji walilizingatia hilo kwa heshima kubwa. Daku iliandaliwa mapema: wali, maharage ya nazi, samaki wa kupaka na chai ya tangawizi, na sauti ya skrini ilipunguzwa ilipofika adhana ya alfajiri ili wanaoswali chumba cha nyuma wasisumbuliwe. Filamu bora ilitangazwa jua likiwa limeshachomoza, na bado hakuna aliyekuwa ameondoka. Viti vya plastiki vinachosha kwa saa nne, na anayetoka mbali ajipange mapema na bajaji ya kurudia, kwa kuwa saa hiyo foleni za Jumatatu zinakuwa zimeanza.

Nimewaandikia waandaaji nikipendekeza jedwali jipya: alama tatu kwa vyama vya waongozaji na watayarishaji, mbili kwa BAFTA na chama cha waigizaji, moja kwa Critics Choice, na Golden Globe ibaki kama habari tu, bila alama. Wamenijibu kwamba watalijadili kabla ya kuchapisha kijitabu cha msimu ujao.