Gemu ambazo ningenunua tena: orodha yangu kuanzia ya kwanza hadi ya mkiani

Nina gemu ishirini na kitu, na nusu yake sijazigusa tangu wiki niliyozinunua. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza anunue ipi, sihangaiki na picha nzuri wala nyota za wahakiki. Najiuliza hivi: zote zikiibwa usiku huu, kesho ningeanza kununua ipi? Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo, na aina nimezichanganya makusudi.

Ya kwanza ni Stardew Valley, wala sifikirii mara mbili. Ilitoka 2016, kazi ya mtu mmoja, Eric Barone, aliyechora, akaandika programu na kutunga muziki peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Unarithi shamba la babu lililojaa mawe na magugu, unapewa mbegu 15 za parsnip, kimzizi cheupe jamaa wa karoti, basi, jitegemee. Ukimsimulia mtu hivyo ataona ni mchezo wa watoto. Mwache afike siku ya 26. Msimu una siku 28 tu, na ukigeuka, mazao ya msimu uliopita yanakufa usiku huohuo. Mimi nilipanda maboga siku ya 17 ya msimu wa majani kupukutika, nikayamwagilia kila asubuhi, ndoo kwa ndoo, nikaamka siku ya kwanza ya baridi nakuta shamba zima limekauka. Boga linataka siku 13. Hesabu ndogo hiyo ilinishinda, na bado naikumbuka kuliko ushindi wangu wowote kwenye gemu za bunduki. Uvuvi utakukera mwanzoni, kile kijiti cha kijani kinaruka kila upande isipokuwa alipo samaki. Vumilia, pesa ya mwanzo iko huko. Halafu inakubali hata kompyuta iliyochoka, ipo na ya simu, na masasisho yake makubwa, pamoja na lile la 2024, yametolewa bure.

Ya pili, kwa mpenda hadithi, ni The Witcher 3 ya 2015, kutoka Poland. Mapigano yake ni ya kawaida tu, nakiri. Utanunua kwa ajili ya watu wake. Kuna mkuu mmoja wa ngome, mlevi, anakuomba umtafutie mke na binti waliotoweka. Unadhani ni kazi ya kutumwa kama nyingine, uende, urudi, ulipwe. Kadiri unavyouliza majirani na kupekua vyumba ndivyo unavyomchukia, kisha unamhurumia, kisha hujui tena. Nilizima mashine nikakaa kimya kidogo. Chukua toleo kamili lenye nyongeza zote mbili, Hearts of Stone na Blood and Wine. Hiyo ya pili peke yake ina ukubwa wa gemu nzima ya wengine. Ila angalia diski za mtumba. Niliwahi kununua moja, gemu tofauti na hii, boksi limeandikwa toleo kamili, kumbe nyongeza zilikuwa kwenye karatasi ya namba ya kuzipakulia ambayo mwenyewe wa kwanza alishaitumia. Muuzaji akaniambia yeye aliuza diski, si karatasi.

Ya tatu ni It Takes Two, ya 2021. Haichezeki peke yako hata ukitaka: wahusika ni mke na mume wanaokaribia kuachana, wamegeuzwa vijidoli, na kila mmoja ana kifaa chake. Kwenye sehemu ya mwanzo mmoja anarusha misumari ukutani, mwenzake anaibembelea kwa nyundo. Mdogo wangu alikuwa akichelewesha msumari nusu sekunde, mimi naanguka, ananiambia nimeruka mapema. Mkiwa mbali, mmoja akinunua mwingine anapakua Friend's Pass bure na mnacheza pamoja kwa intaneti. Kwa watu wawili, nakala moja inatosha.

Hades ya 2020 naiweka ya nne, na kama una nusu saa tu kila jioni, ipandishe iwe ya kwanza. Unatoroka kuzimu, unakufa, unarudi nyumbani ukitiririkwa na damu, na baba yako yuko palepale mezani na makaratasi yake, anakusimanga. Kufa ndiko kunakoendeleza hadithi. Mwenye mikono mizito asiogope: ndani ya mipangilio kuna God Mode, inakupunguzia maumivu kwa asilimia 20, na kila ukifa inaongeza 2. Niliiwasha. Sioni aibu.

Ya tano, kwa nyumba yenye watu wengi, ni Mario Kart 8 Deluxe, ya mbio za vigari: wanne kwenye skrini moja, na ukiongeza nyongeza yake ya kulipia unafikisha njia 96. Haina la kueleza zaidi ya hapo, mpe mgeni padi.

Ya sita, Street Fighter 6 ya 2023, gemu ya kupigana ana kwa ana, naipenda kwa kitu kimoja: udhibiti wake wa Modern unamwezesha mgeni kutoa pigo maalumu kwa kitufe kimoja, badala ya kuzungusha kidole gumba hadi kiote sugu. Ila kama huna mpinzani wa karibu, acha.

Mkiani naweka gemu za mpira, na najua nitatukanwa. Nimezicheza kuliko zote hizi. Lakini swali lilikuwa ningenunua ipi tena, na hii nimeshainunua tena, na tena, kila mwaka, kwa jezi mpya na wachezaji waliohama. Ukicheza na ndugu sebuleni, toleo la miaka miwili nyuma linatosha kabisa. Ukitaka ya bure, eFootball haiuzwi tangu 2021.

Ukinunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unarudishiwa pesa ndani ya siku 14 mradi hujavuka saa mbili za kucheza. Saa hizo zitumie kwenye mchezo wenyewe. Kwenye Baldur's Gate 3 nilitumia dakika 40 kurekebisha pua ya mhusika wangu, na dakika kumi baadaye nikamvika kofia ya chuma.