Alitoa thamostati nzima, akaacha feni mbovu: uzoefu wangu na gereji moja ya Nyakato

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikisema nitaandika ikishapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mimi nauza sato. Nachukua Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, alfajiri, napakia kwenye maboksi ya barafu nyuma ya Probox, napeleka Shinyanga kwa mama ntilie na wateja wangu wa siku zote. Gari likilala, barafu inayeyuka na mteja anahamia kwa mwingine. Ndiyo maana lilipoanza kuchemsha sikusubiri kesho, nilikwenda siku ile ile kwa fundi niliyemzoea miaka, gereji kubwa yenye bango na vijana wengi, upande wa Nyakato.

Nikamweleza vizuri kabisa: "Fundi, likiwa linatembea halina shida. Nikikwama kwenye foleni Mabatini, au nikijikokota nyuma ya lori, ndipo joto linapanda." Jibu lote lilikuwa humo kwenye maneno yangu: gari likitembea upepo unapooza rejeta, pale maji ya injini yanapopoa, likisimama inabaki kazi ya feni. Hakuuliza swali la pili. Alifungua boneti, akalegeza nati mbili, akachomoa kidude chenye springi na kukirusha kwenye kiti cha mbele.

"Mayu, hii thamostati ni ya nchi za baridi. Huku kwetu haina kazi, tena ndiyo inayokuchemshia gari."

Nikamuuliza, kama haina kazi mbona waliotengeneza gari wameiweka? Akawageukia vijana wake. "Mama anauza samaki, leo anataka kunifundisha gari." Wakacheka wote. Mmoja alikuwa amelala chini ya Noah, nikasikia kicheko chake kinatokea kule chini. Nikalipa 30,000 nikaondoka nimenyamaza.

Wiki mbili gari likawa shwari, na mimi nikajiona mjinga kwa kumuuliza. Ila mafuta yalianza kuliwa kuliko kawaida. Safari ile ile ya Shinyanga, mzigo ule ule, na bado naongeza mafuta njiani. Sikuunganisha mambo. Sasa najua: thamostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi unafungwa ili ipate joto lake upesi, ikishapata unafunguka maji yaende kwenye rejeta. Ukiutoa, injini inakimbia barabarani bila kupata joto lake, inakula mafuta ya bure. Tena kwenye injini nyingi mlango huo ukifunguka ndio unaoziba njia ya mkato, maji yote yapite kwenye rejeta. Usipokuwepo, sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo haipoi. Hiyo "ya nchi za baridi" nimeisikia kwa mafundi wengi wa hapa, si yeye peke yake, na ni makosa.

Siku yenyewe ilikuwa kipindi cha mvua. Kutoka Mkolani mpaka Buhongwa tulikuwa tunasukumana nyuma ya malori, hatua moja, unasimama. Kufika Usagara moshi mweupe unatoka kwenye boneti. Nikaegesha. Vijana wa bodaboda wakaja mbio, wana nia njema kabisa, mmoja akashika kifuniko cha rejeta na kitambaa. Nikapiga kelele aache, hakuacha. Maji yakaruka yakamuunguza mkono hadi kwenye kiwiko. Mwenzake akaleta dumu la maji baridi akayamwaga yote, na injini inatokota. Nami sikumzuia. Hili nalisema kwa sababu nataka kusema kweli: hedi, yaani kile kipande cha juu kinachofunika injini, kwa gari hili ni ya aluminiamu, na aluminiamu yenye moto ukiimwagia maji baridi inaweza kupinda au kupasuka. Inawezekana hedi yangu iliharibikia pale, mikononi mwa watu waliotaka kunisaidia, huku mimi nimesimama nashangaa. Kijana wa watu nilimpeleka zahanati.

Sato niliwauza palepale barabarani kwa bei ya kutupa.

Na kwa kweli, yule fundi nilipompigia simu alikuja. Usiku, mvua inanyesha, alipanda bodaboda kutoka Nyakato mpaka Usagara, akalivuta gari langu kwa gari la rafiki yake, hakudai hata mia ya kuja. Nilipokuwa napanga kuandika "msiende kwa mtu huyu", jambo hilo lilinisumbua. Mtu mbaya haji Usagara usiku wa mvua.

Lakini alichofanya baada ya hapo! Akasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imekufa, na ni kweli ilikuwa imekufa, oili ilishaingiliwa na maji ikawa kama chai ya maziwa. 280,000, spea na ufundi. Nikakaa pale kwenye benchi nikaangalia kila kitu. Hedi haikupelekwa kupimwa kama imepinda. Aliifuta kwa kitambaa na petroli, akaisugua na msasa kwa mkono, akalaza gasketi mpya. Bolti za hedi zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo. Yeye alichomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, akaanzia pembeni alipokuwa amesimama. Maji akajaza ya bomba, kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, hakuna. Feni hakuigusa. Gari limechemka, limeua gasketi, na hakuna hata mmoja kati ya wale vijana wote aliyeangalia kama feni inazunguka!

Haukupita mwezi, oili ikawa chai ya maziwa tena.

Safari hii nikalivuta mpaka Igoma, kwa kijana mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe, hana bango. Kabla ya kufungua chochote akaniuliza, "Mama, lilianza kuchemsha likiwa wapi?" Nilitaka kulia. Hedi ikapelekwa kupimwa, ilikuwa imepinda, ikachongwa, ikafungwa upya taratibu. Halafu akawasha gari akaliacha lisimame, akakaa juu ya tairi bovu, anasikiliza tu. Dakika kumi na tano, zaidi. Joto likapanda, feni kimya. Akazima, akachomoa rilei ya feni, ile swichi inayoiwasha, kwenye boksi la fyuzi, akaitikisa sikioni kwangu. Ndani kulikuwa kunacheza kitu kilichokatika. Rilei mpya ilikuwa 15,000. Akaiweka, akawasha, feni ikavuma.

Ile thamostati nilikuwa nayo bado, kwenye mfuko wa mlango. Akaniambia nikaipime nyumbani. Nikaitia kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, nikaining'iniza kwa uzi isiguse chini. Imegongwa namba 82, yaani nyuzi joto inapoanza kufunguka. Maji ya hapa Mwanza, kwa urefu tulionao juu ya bahari, yanachemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo ilitakiwa ifunguke mapema. Vilipoanza vipovu vidogo pembeni ya sufuria, ile sahani ya katikati ikashuka polepole, springi ikabonyea, mlango ukawa wazi. Nikaiopoa, ikapoa, ikajifunga. Nikarudia mara tatu. Nzima kabisa. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Niliipeleka Nyakato pamoja na ile rilei iliyokatika, nikaviweka mbele yake. Akavitazama. "Basi mayu, yameshapita. Lete gari nikufanyie sevisi ya bure."

Sasa mnaoniuliza kama muende kwake: kwa breki na bushi kazi yake ni nzuri, sijawahi kurudia. Kwa gari linalochemsha, msiende. Hapana, hata breki, mtu asiyeuliza swali simpi tena breki zangu.

Mdogo wangu ananiambia nikachukue hiyo sevisi, ni haki yangu. Sevisi siitaki. Ninachotaka awaite wale vijana waliocheka, pamoja na yule wa chini ya Noah, awaambie mbele yangu kwamba ile thamostati ilikuwa nzima.