Msumeno wa mnyororo uliochakaa: uufufue, ununue mwingine au ukodi?

Hapa Uganda, kila wenye mashamba ya mikaratusi wa Mubende, Kyenjojo na huku kwetu Kasese wanapoanza kutafuta watu wa kukata nguzo, huja mtu na msumeno wa mnyororo uliokufa, amebeba begani au ameufunga nyuma ya bodaboda, akitaka kujua kama inafaa kuutengeneza. Wengi huuita pawasoo tu, na wengi wameupata kwa bei iliyowafurahisha. Swali lao ni zuri, lakini mara nyingi huulizwa baada ya fedha kutoka mfukoni. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya yule ambaye fedha yake bado iko mkononi.

Jambo moja nataka lieleweke mapema, kwa sababu upangaji wangu wote wa njia tano, kuanzia bora hadi mbaya, unalitegemea: unaponunua msumeno uliochakaa, unachonunua hasa ni historia yake. Mashine mbili za aina moja, zenye mikwaruzo ileile na vumbi lilelile, zinaweza kuachana kabisa, moja ikahitaji ringi na plagi, nyingine ikameza pistoni tatu mfululizo bila kukaa sawa. Ndiyo maana kazi ileile ya kufufua msumeno naiweka nafasi ya kwanza katika hali moja, na nafasi ya nne katika hali nyingine.

Mwenye miti michache asinunue. Ikiwa una mikaratusi ishirini nyuma ya nyumba, au mvule mmoja ulioanguka na unataka mbao za paa, mwite mwenye msumeno wake mwelewane bei ya kazi. Petroli, oili, mnyororo na hatari ya mashine kuharibika vitakuwa juu yake. Mwongozo huu ni wa yule ambaye atautumia msumeno mwezi hadi mwezi.

Nafasi ya kwanza: kufufua msumeno unaoujua

Huu ni ule wako mwenyewe uliochoka, au wa ndugu, jirani au mwajiri uliyefanya naye kazi, ambao unajua nani aliuwasha, alichanganya petroli na oili kwa kipimo gani, na siku ulipozimika ulizimika vipi. Ukiwa ni wa kampuni yenye jina, kama Stihl au Husqvarna, na spea zake zinapatikana Kampala bila kuagizwa kutoka mbali, kuufufua ni uamuzi bora kuliko kununua chochote kipya cha bei nafuu. Stihl 070 yenye silinda ya kipenyo cha milimita 58, MS 381 na Husqvarna 272 zenye milimita 52, zote ni mashine ambazo mafundi wetu wamezifungua mara nyingi, na chombo ambacho fundi wa mtaani kwako anakifahamu kina thamani ambayo haionekani kwenye bei.

Hata hivyo kuufahamu msumeno hakutoshi, ni lazima uupime. Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Shika mpini wa kamba ya kuwashia, uinue msumeno mzima uning'inie kwa kamba hiyo juu kidogo tu ya nyasi au gunia. Kama kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ipo, utashuka polepole, ukisita kila pistoni inapopanda. Ukiteremka moja kwa moja kama ndoo iliyoachiwa kisimani, ringi, pistoni au silinda imekwisha. Kwenye mashine kubwa zenye kitufe cha kupunguza kompresheni, hakikisha kwanza kitufe hicho kimefungwa, la sivyo utailaumu mashine bure. Fundi mwenye geji atakupa jibu kamili zaidi: msumeno mzima wa kisasa kwa kawaida huonyesha takriban pauni 150 kwa inchi ya mraba, au zaidi, na ukishuka chini ya 110 utakusumbua kuwaka na hautakuwa na nguvu kwenye gogo.

Kipimo cha pili ndicho ninachokipenda, na nakuomba usikiruke. Fungua ekzosi, kwa kawaida ni skrubu mbili au tatu tu, kisha uvute kamba taratibu huku ukimulika ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Utaiona pistoni ikipita. Ikiwa ubavu wake unang'aa na alama ndogo za mashine za kiwandani bado zinaonekana, funga, kwani tatizo lako liko kwenye kabureta, koili au mpira wa petroli, na hayo ni matengenezo mepesi. Ukiona mikwaruzo mirefu ya wima upande huo wa ekzosi, na ringi zimeshikamana na pistoni kana kwamba zimechomelewa, injini ilifanya kazi bila oili ya kutosha au ilipata hewa nyingi mno kwa petroli iliyokuwapo. Sasa toa kabureta utazame upande wa pili: pistoni iliyolika ikawa na rangi ya kijivu isiyong'aa huku inakueleza kuwa vumbi la mbao limekuwa likipita kwenye chujio la hewa kwa muda mrefu. Hizi ni hadithi mbili tofauti na tiba zake ni tofauti.

Kisha shika flaiwili, gurudumu zito lililo nyuma ya kamba ya kuwashia, uitikise juu na chini. Haipaswi kucheza hata kidogo. Ikicheza, beringi za krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, zimekwisha, na kuzibadilisha kunadai injini ipasuliwe katikati, kazi ambayo mafundi wachache huifanya vizuri. Tazama pia mwili wa injini kwa makini, hasa pale panapofungwa skrubu za upanga unaoongoza mnyororo. Sehemu hiyo kwa kawaida ni ya magnesi, metali nyepesi ambayo haikubali kuchomelewa ovyo, na ufa mmoja hapo unatosha kuimaliza hesabu.

Silinda yenyewe isitupwe haraka. Mara nyingi mikwaruzo inayoonekana ndani yake ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikaganda juu ya ukuta mgumu wa silinda, na fundi mzoefu huitoa kwa asidi ya hidrokloriki, kwa uangalifu mkubwa na mahali penye hewa, kisha ukuta ukaonekana mzima. Ikiwa utando ule mgumu wenyewe umebanduka, hapo ndipo silinda inabadilishwa. Kwa maoni yangu, silinda halisi iliyosafishwa ikapewa pistoni nzuri ni bora kuliko seti mpya ya bei rahisi, kwa sababu katika seti nyingi za aina hiyo kingo za matundu huachwa zikiwa kali, na ringi ikinasa hapo huvunjika.

Nilijifunza haya kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Kampala msumeno uliokufa kutoka kwa mtu nisiyemjua, nikauwekea pistoni na ringi mpya, ukawaka kwa mvuto wa pili, nikafurahi sana. Siku ya tatu, katikati ya gogo la mkaratusi, ulipandisha sauti ghafla, ukalia kwa ukali usio wa kawaida, ukazimika. Nilipofungua ekzosi niliona mikwaruzo ileile niliyokuwa nimelipa iondolewe. Fundi wangu, Mkongomani aliyevuka mpaka wa Mpondwe zamani na kuweka karakana yake hapa, aliutazama akaniambia, "Mzee, ulitibu kidonda ukaacha kinachokikwaruza." Sili moja ya krankshafti, kipande cha mpira kinachouzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na pistoni, ilikuwa inavuta hewa. Injini ya aina hii hupata oili yake ndani ya petroli, kwa hiyo hewa ya ziada inapoingia, joto hupanda na ulainisho hupungua kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo sifungi pistoni mpya kabla ya kubadilisha sili zote mbili, mpira unaounganisha kabureta na silinda, na mpira wa petroli. Ukitaka kujua kama msumeno unaowaka una ugonjwa huo, uache uungurume polepole kisha uulaze ubavu mmoja na mwingine. Sauti ikipanda na kushuka kwa kulazwa tu, au injini ikikawia kutulia baada ya kuachia mafuta, tafuta hewa inakoingilia.

Kuhusu fedha, ninatumia mpaka mmoja. Jumlisha bei ya msumeno wenyewe, spea zote na ujira wa fundi, kisha linganisha na mpya halisi wa ukubwa huohuo. Jumla ikivuka nusu, acha. Chukulia mpya unauzwa shilingi 3,000,000: basi vyote kwa pamoja visizidi 1,500,000, na ndani yake hesabu upanga, mnyororo na gurudumu la meno linaloukokota, kwa sababu mnyororo mpya ukifungwa juu ya gurudumu lililolika utaharibika mapema.

Nafasi ya pili: mpya halisi, wa ukubwa wa wastani

Anayefanya kazi kila siku, na hasa anayekopa ili anunue, achukue mpya kutoka kwa wakala anayetambuliwa na kampuni, mwenye stakabadhi, dhamana na spea. Kosa ninaloliona hapa ni la ukubwa. Watu wanataka 070 kwa sababu waliona wapasuaji wa mbao wakiitumia, wakati injini yake ya zaidi ya sentimita 100 za ujazo ilikusudiwa magogo makubwa. Kwa nguzo za mikaratusi na misonobari ya kupandwa, injini ya sentimita 50 hadi 60 inatosha, inakunywa petroli kidogo na haivunji mgongo. Tena 070 nyingi hazina breki ya mnyororo, ile inayousimamisha mnyororo pale upanga unaporuka nyuma kuelekea uso wako. Kwa kijana anayeanza, jambo hilo peke yake lingenitosha kumchagulia mashine nyingine.

Nafasi ya tatu: uliotumika, unaowaka

Sharti langu ni moja: muuzaji asiuwashe kabla hujafika. Gusa silinda kwa kiganja, ikiwa ya moto, sema utarudi kesho. Injini yenye kompresheni dhaifu huwaka vizuri ikishapata joto na kugoma ikiwa baridi, au hufanya kinyume chake, kwa hiyo uiwashe ikiwa baridi, ukate nayo gogo kwa dakika kumi, uizime, kisha uiwashe tena papo hapo. Vipimo vyote vya hapo juu vinatumika, pamoja na cha ekzosi. Muuzaji anayekataa ufungue skrubu mbili amekwisha kukujibu.

Uliza pia upanga ulikuwa unalainishwa kwa nini. Wengi hutumia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari, nayo ina chembe za chuma zinazokula pampu ya oili. Injini ikiwa inawaka, zungusha mnyororo juu ya karatasi safi: usiporusha mstari mwembamba wa oili, pampu imeziba au imekwisha.

Nafasi ya nne: mzoga wa mtu usiyemjua

Huu ndio nilionunulia somo langu. Unafaa kwa fundi mwenye vifaa, au kwa mtu ambaye tayari ana msumeno wa aina hiyohiyo na anatafuta mwili, kabureta na vifuniko vya akiba. Kwa mwingine yeyote, ulipie kana kwamba pistoni, silinda, sili na beringi zote zimekufa, na ukikuta kimojawapo kizima, hiyo ni faida yako.

Nafasi ya tano: nakala yenye jina la kuazima

Misumeno iliyoigwa, yenye rangi na maandishi ya kampuni kubwa, inauzwa waziwazi, na 070 ndiyo inayoigwa sana. Namba ya mashine ikiwa kwenye karatasi ya kubandika tu, jina likiwa limekosewa herufi, au bei ikiwa sehemu ndogo ya ile ya wakala, ondoka. Nakala iliyochakaa usiifufue kabisa, kwa kuwa vipimo vyake havilingani sawasawa na spea halisi, na kila kitakachobadilishwa kitadai kingine.

Kabla ya kulipia chochote, tazama pia kazi yenyewe. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 inamtaka anayekata ndani ya hifadhi awe na leseni, na agizo la Rais la Mei 2023 lilipiga marufuku uchomaji mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Aliye Gulu au Arua ambaye hesabu yake ya kurudisha gharama inategemea mkaa hana hesabu, hata msumeno uwe mzuri namna gani.

Na ukishaufufua, matangi ya kwanza usiupasulishe mbao ndefu. Kata matawi na magogo membamba, ukiupumzisha. Kwa oili ya kawaida ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili inayochanganywa na petroli, weka mililita 40 kwa kila lita ya petroli, ambayo ni moja kwa 25. Mililita 20, yaani moja kwa 50, ziache kwa oili ambayo mtengenezaji wa msumeno ameiidhinisha kwa kipimo hicho. Tangi la pili likiisha, toa plagi uitazame ncha yake. Ikiwa ya kahawia, endelea na kazi. Ikiwa nyeusi na imelowa, petroli ni nyingi na kabureta inataka kurekebishwa. Ikiwa nyeupe, acha hapohapo, usikate hata tawi moja zaidi, urudi kutafuta hewa inaingilia wapi.