SAM na lile jedwali la kivuli kwa mkao wa jua, mi nalipa nyota nne kwa tano

Wakuu, wengi wanaotumia SAM, ile programu ya bure ya kupigia hesabu za sola kutoka maabara ya nishati ya Marekani iliyokuwa inaitwa NREL (programu ipo tangu 2007), wakifika ukurasa wa kivuli wanakimbilia jedwali la mwezi kwa saa. Miezi 12 mara masaa 24, visanduku 288, wanajaza fasta wanasonga mbele. Sasa hapo hapo kuna jedwali lingine linalojazwa kwa azimuthi (upande jua lilipo, kwa digrii kuanzia kaskazini) na kimo cha jua (limepanda digrii ngapi angani), na watu wanaliruka kwa sababu ukilitazama tu linatisha, lakini kwa mtu ambaye kivuli chake kinatoka kwenye jengo, mnara au mlima, kiukweli hilo ndo lenyewe.

Maana jengo halijui kama leo ni Machi au Septemba, limesimama pale pale, kinachohama ni jua. Ukisema jua likiwa azimuthi 120 na kimo digrii 20 paneli zimezibwa zote, hiyo kauli ni kweli siku yoyote mwaka wowote, hata mtu abadilishe ukanda wa saa haikuhusu. Jedwali la mwezi kwa saa haliwezi hiyo. Chukua Machi, kuanzia tarehe 1 mpaka 31 jua linasogea kama digrii 12 kutoka kusini kwenda kaskazini, yaani mwanzoni mwa mwezi linachomoza kusini kidogo mwa mashariki na mwishoni limeshavuka linachomoza kaskazini kidogo, halafu wewe unataka namba moja ya saa moja asubuhi itumike mwezi mzima? Juni sawa, jua linakuwa kama limegoma, halisogei hata digrii mbili. Kwa hiyo kosa linajificha kwenye ile miezi ambayo jua linakimbia, Machi na Septemba, na jumla ya mwaka inaweza kuonekana safi tu usishtuke.

Kujaza sio kazi. Unachagua idadi ya safu, mstari wa juu kabisa unaweka azimuthi kutoka 0 mpaka 360, kaskazini 0, mashariki 90, kusini 180, magharibi 270, na safu ya kwanza kushoto unaweka kimo cha jua, 0 ni upeo wa macho na 90 ni utosini. Ndani ya visanduku ni asilimia ya mwanga wa moja kwa moja unaopotea, sifuri kweupe, 100 giza. Jua likiangukia katikati ya namba zako programu inakadiria yenyewe kutoka visanduku vya jirani.

Na hapo kwenye kukadiria ndo pa kuwa makini aisee. Ukiweka azimuthi kila baada ya digrii 20, na ghorofa lina ukingo mkali kwenye 130, programu haioni ukingo, inaona mteremko mpole kutoka 120 mpaka 140. Nguzo nyembamba ikidondokea katikati ya safu mbili ndo imepotea kabisa, au ikidondokea juu ya safu inavimba inakuwa nene kama ghorofa. Dawa yake ni kutolazimisha hatua ziwe sawa sawa, pale kwenye ukingo weka safu mbili zimebanana, 129 na 131, sehemu za anga tupu acha wazi hata digrii 40, hakuna anayekudai. Mi huwa naanzia kwenye spredishiti, napaka rangi visanduku kulingana na namba, majengo yanajitokeza yenyewe kwa umbo lao, ndo nakopi napesti.

Kitu kingine, walio kusini mwa ikweta au karibu nayo, jua lenu la mchana linapita upande wa kaskazini, mwaka mzima au sehemu yake, ambapo namba zinaruka kutoka 359 kwenda 0. Weka safu ya 0 na safu ya 360 zote mbili na uzijaze namba zile zile, la sivyo saa sita mchana, muda ambao paneli zinafanya kazi kweli kweli, ndo hesabu inayumba. Wa Ulaya hii haiwagusi sana, mchana jua lao liko kusini.

Halafu hii ya sifuri iko wapi. PVGIS, kile kikokotoo cha sola cha mtandaoni cha Umoja wa Ulaya, wanahesabu kusini kuwa sifuri na mashariki inakuwa hasi, kwa hiyo ukichukua data ya upeo wa macho kule, -60 yao ni 120 ya SAM, unaongeza 180 basi. Ukisahau, jengo la magharibi kwenye 60 yao linahamia mashariki, na usitegemee taarifa nyekundu ikuambie, maana 60 ni namba halali kwa SAM pia. Wenye PVsyst, programu nyingine ya hesabu za sola, kwenye SAM kuna sehemu ya kuingiza faili lake la vivuli vya karibu moja kwa moja, inaokoa kuandika, ila bado cheki kizuizi kimoja unachokijua kama kimekaa upande wake. Na ukipima kwa dira ya simu hakikisha ni kaskazini ya kweli sio ya sumaku, kuna maeneo zinapishana zaidi ya digrii 10.

Nyota moja nimeikata kwa nini? Miti inayopukutisha majani. Jedwali hili halijui msimu, jua likiwa pale pale kwenye anga majira mawili tofauti linasoma kisanduku kile kile, wakati mti una majani mara moja na mara nyingine ni vijiti vitupu. Hapo jedwali la mwezi kwa saa, au la masaa yote 8,760 ya mwaka, linashinda. Pia asilimia unayoweka ni ya mwanga, sio ya umeme, na kwenye paneli ya kawaida yenye diodi tatu za baipasi (zinazopitisha umeme pembeni ya seli zilizozibwa) kivuli kidogo kwenye seli za upande mmoja kinaweza kuondoka na theluthi ya paneli. Na kama namba zako tayari zina kivuli cha mstari wa mbele kuangukia wa nyuma, usiwashe tena kile kipengele cha paneli kujizibia zenyewe, utakata mara mbili.

Mwisho kuna kisanduku kidogo cha mwanga uliotawanyika (unaotoka anga nzima, sio moja kwa moja kwenye jua), namba moja tu, watu wanakiacha sifuri hata kama wamezungukwa na maghorofa pande zote. Siku ya mawingu mazito mwanga karibu wote ni huo, na jedwali lako lote hapo halina la kufanya.