Kiti cha koko, kutoka Kadutu, Bukavu

Koko wangu, mzazi wa mzazi wangu, ana miaka 81, na ile kanape ya sebuleni ilikuwa inammeza. Kumwinua kulihitaji watu wawili. Nikaenda kwa fundi mbao mmoja wa Kadutu, nikamwomba kiti chenye sehemu ya kukalia iliyo sentimita 48 kutoka chini, na mikono ya kushikilia. Akacheka: "Hiki ni cha askofu?" Lakini kazi ameifanya. Ncha za mikono amezilainisha, zinajaa kiganjani, na chini mbele ameacha wazi ili miguu irudi nyuma kabla ya kusimama. Koko sasa anajiinua mwenyewe. Fundi alichelewa siku nne, na sponji ya mto imeshaanza kubonyea. Dola 45, bila usafiri. Cha pili nimeshaagiza, cha jikoni.