Dawa ya magugu ya mafuta ya karafuu: majani inaunguza kweli, mzizi haiugusi

Hii dawa ya magugu ya mafuta ya karafuu nimeipiga kwenye bustani ya mboga na niseme ukweli inafanya kazi, tena fasta. Unapiga asubuhi jua likishachomoza, ikifika jioni mchicha pori na kishona nguo vimeshalala, majani ya kahawia kama yamemwagiwa maji ya moto. Kinachofanya kazi humo ni eujenoli, ndo ile ile inayotuliza jino, ikigusa jani inavunja utando laini wa seli, maji yanavuja, jani linakauka.

Ila wakulima wenzangu sikieni hapa, inaunguza pale ilipogusa tu, haishuki mpaka kwenye mzizi. Magugu machanga ya majani mawili matatu yanakufa moja kwa moja, ila ndago utaunguza majani halafu inachipua upya, ukifukua unakuta vile viazi vyake viko vizima kabisa, vyeupe ndani. Sasa lebo inasema inamaliza magugu aina zote, hapo wamekosea sana, mtu shamba lake limejaa ndago si atapoteza hela bure jamani! Waandike wazi kwamba ni ya magugu machanga.

Pia haichagui, tone likiangukia nyanya nayo inaungua, kwa hiyo kinga mche na kipande cha boksi, lowesha jani la gugu lote, na vaa miwani na glavu maana inawasha macho na ngozi. Mmea kuwa dawa haimaanishi hauna madhara.

Mimi mimea dawa naiamini sana kwenye hili. Mwaka 1977 huko California mwanakemia mmoja aliona magugu hayaoti vizuri chini ya bottlebrush, mti wa mapambo wenye maua kama brashi ya chupa, wakafuatilia wakakuta kemikali ya leptospermoni, ambayo iko pia kwenye manuka, mti wa dawa wa Wamaori, wenyeji wa New Zealand, na kutoka hapo wakatengeneza mesotrioni, dawa ya magugu inayopigwa leo kwenye mahindi. Hata artemisinini, dawa ya malaria inayotoka kwenye mmea, inazuia mbegu nyingine kuota na miche kukua, yaani humo bado kuna mengi ya kuchimba.

Kwa vitalu na njia za katikati ya matuta nitanunua tena. Ndago naing'oa na viazi vyake kwa jembe.